Nyumba ya bei chee, mdomoni mwa volkano

Mimi na shemeji yenu nusura tuingie mkenge. Kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Shemeji yenu ni nesi. Alipata kazi Hilo, mji ulioko kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, lile jimbo la Marekani lililo katikati ya bahari ya Pasifiki. Tukafunga virago. Ukisikia Hawaii unawaza nini? Mabinti wenye mashada ya maua shingoni, minazi, ufukwe. Vipo, sikatai. Lakini hakuna aliyenitonya kwamba kisiwa hicho hicho kina volkano zilizo hai, matetemeko, vimbunga na tsunami. Hapa Hilo kuna saa ya barabarani iliyogoma saa 7:04 usiku, pale tsunami ya Mei 1960 ilipoua watu 61 mjini. Haijarudi kutembea mpaka leo. Wameiacha makusudi.

Sasa tukaanza kutafuta nyumba. Dalali akatupeleka Puna, kusini mwa Hilo. Nyumba bomba! Vyumba vitatu, mipapai uani, na bei yake nusu ya zile tulizoona mjini. Mimi mtoto wa Manzese, bei ya namna hiyo ikinipita naumwa kichwa. Nikamwambia shemeji yenu, "Hili ni zali, tulipe kesho." Akaninyamazia. Ukimwona mwanamke amenyamaza namna ile, jua kuna kimbembe.

Benki ilisema haitoi mkopo bila bima, basi nikaenda kwa wakala. Nilidhani ni kama enzi zile za kwetu, unalipa, unapewa stika, unabandika kwenye kioo cha gari, trafiki akikusimamisha unamwonyesha, yamekwisha. Yule mama wala hakuniuliza nina mshiko kiasi gani. Aliuliza, "Nyumba iko kanda ya ngapi?"

Kanda? Kanda ya ziwa au?

Kumbe wataalamu wa miamba wa serikali ya Marekani wamekigawa kisiwa hiki katika kanda 9 kwa hatari ya lava, yaani ule uji wa moto wa volkano. Kanda ya 9 ndiyo salama zaidi. Kanda ya 1 ndiyo pale penyewe ardhi inapopasuka na kutema moto. Yule mama akafungua ramani, akaweka kidole. Nyumba yetu ilikuwa kanda ya 1. Nilihisi jasho linashuka mgongoni.

Akanikumbusha ya mwaka 2018. Mei 3 ardhi ilipasuka katikati ya mtaa wa Leilani Estates, hapo hapo Puna, barabarani na kwenye nyua za watu. Kesho yake tetemeko la 6.9. Mpaka volkano ya Kilauea inatulia miezi kadhaa baadaye, nyumba zaidi ya 700 zilikuwa zimekwenda na maji. Samahani, zimekwenda na moto.

"Bima si ipo?" nikauliza kwa sauti ya mtu anayezama.

Ipo, ila hapo ndipo penye utamu. Kampuni nyingi za kawaida zinazikimbia kanda ya 1 na ya 2. Lipo shirika liitwalo Hawaii Property Insurance Association, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1991 kwa ajili ya watu wa huko, lakini ada niliyotajiwa ingekula ile nafuu yote niliyoishangilia. Tena mikataba ya bima haifanani. Mmoja unalipa kama lava imeiunguza nyumba, kwa kuwa ni moto kama moto mwingine. Mwingine umeandika wazi kwamba lava haituhusu. Na kama lava imefunga barabara, nyumba yako imebaki nzima kama kisiwa na huwezi kuifikia, utalilia wapi? Tangu siku hiyo mimi mkataba nauanza kwenye ule ukurasa wa mambo ambayo hawalipi. Huko mbele ni salamu tu.

Usiku tukazozana. Shemeji yenu akasema, "Wewe hukuipenda nyumba, uliipenda bei." Nikakosa jibu.

Tukachukua ndogo, vyumba viwili, Hilo mlimani kidogo, mbali na tsunami. Kanda ya 3. Hata hapa si kwamba nimepona, maana juu yetu kuna Mauna Loa, iliyolipuka Novemba 2022. Ila hapa kampuni za bima angalau zinapokea simu.

Usidhani basi unalipa bima moja ukalale. Ile ya nyumba ya kawaida haigusi mafuriko, haigusi tetemeko, na kimbunga nacho kina bima yake. Kimbunga Iniki kilipoichakaza Kauai Septemba 1992, kampuni zilitoka mbio, ikabidi jimbo lianzishe mfuko wake mwaka 1993. Kwenye bima ya kimbunga kuna sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, na mara nyingi ni asilimia ya thamani. Asilimia 2 inasikika kama chenji ya daladala. Nyumba iliyokatiwa dola 300,000, hiyo ni dola 6,000 kutoka mfukoni mwako kabla hawajatoa senti. Bima ya mafuriko ya serikali, ambayo tsunami nayo imo, kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30. Na kimbunga kikishaonekana baharini, kampuni zinafunga dirisha. Huwezi kusikiliza redio kwanza.

Gari je? Huku ndiko nilikocheka. Sheria ya Hawaii inakataza kupanga ada ya bima ya gari kwa umri au jinsia. Kijana wa miaka 20 hapandishiwi bei kwa ujana wake, wakati majimbo mengi ya Marekani wanamkamua. Bima yako ndiyo inayoanza kulipa matibabu yako, angalau mpaka dola 10,000, awe amekosa nani. Lakini ile ndogo ya lazima haitengenezi gari lako. Ukiwa na bima kubwa, mti ukiliangukia, mafuriko yakilibeba au lava ikilimeza, kwa kawaida unalipwa. Ndiyo, lava. Mwaka 2018 dunia nzima ilitazama video ya Ford Mustang ikimezwa taratibu kama tonge. Gari inaweza kulipwa, nyumba iliyo nyuma yake ikabaki kwenye malumbano!

Nimeikatia Corolla yetu bima kubwa. Tumekata ya nyumba, ya kimbunga na ya mafuriko. Ya tetemeko tumeikosa, hela imeisha, na hilo linaninyima usingizi kuliko vyura wa hapa, ambao wanapiga kelele usiku kucha kama wana harusi. Shemeji yenu ameandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: TETEMEKO, JANUARI. Mpaka wakati huo ni maharage.