Maji ya Shangazi Hayangoji Seva

Haya jamani, nimerudi. Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa na hasira, na mama alinifunza kwamba mtu mwenye hasira asiandike barua. Hasira imepungua ila haijaisha, kwa hivyo nivumilieni.

Karibu kila mwezi kijana fulani huniandikia kwamba anataka kuanzisha biashara ya mtambo wa kumwagilia mimea unaoongozwa kwa simu. Ana wazo, ana tarakilishi, ana rafiki anayejua kuchora nembo. Swali lake ni lile lile: "Mkubwa, nitumie lugha gani kutengeneza programu ya simu?" Ndugu yangu, umemshika ng'ombe mkia. Programu ya simu ndicho kitu cha mwisho katika kazi hii, na wengi wetu tunakifanya kuwa cha kwanza kwa sababu ndicho tunachokijua na ndicho kinachopendeza mbele ya watu.

Niseme msimamo wangu mapema. Mtambo unaohitaji intaneti ili kufunga maji ni mtambo mbovu, hata programu yake ikiwa nzuri namna gani, na anayemuuzia mkulima mtambo kama huo anamuuzia hasara. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliutengeneza.

Shangazi yangu ana shamba Kibwezi, kaunti ya Makueni. Sehemu anayomwagilia ni kama thumni ya ekari. Maji huyanunua kwa lori na kuyaweka katika tangi la lita 5,000 lililo juu ya jukwaa la mawe. Nikamwambia, "Shangazi, acha kuhangaika na bomba, nitakuwekea mtambo." Nikaenda Luthuli Avenue, nikanunua bodi ya ESP32, relei, vali ya umeme ya volti 12, vihisi viwili vya unyevu wa udongo, betri, paneli ndogo ya sola na modemu ya kutia laini ya simu. Kisha nikakaa wiki mbili nikitengeneza programu. Kitufe cha kijani, FUNGUA. Kitufe chekundu, FUNGA. Na jani dogo linalocheza maji yanapotiririka. Lile jani peke yake lilinila siku tatu.

Mpango ulikuwa huu: simu inaiambia seva iliyo ng'ambo, na bodi ya Kibwezi inaiuliza seva kila nusu dakika, "Kuna amri?" Ikiambiwa fungua, inafungua na kukaa hivyo hadi iambiwe funga. Niliwaonyesha marafiki zangu Nairobi. Nabonyeza hapa, maji yanatoka kilomita kama 200 kutoka hapa! Walipiga makofi. Nami nilijiona mhandisi.

Jioni moja ya Alhamisi nikabonyeza FUNGUA. Shangazi alikuwa amehamishia miche ya pilipili hoho shambani wiki hiyo hiyo. Baada ya dakika 20 nikabonyeza FUNGA, kioo kikaniandikia "Imefungwa", nikala chakula, nikalala.

Haikuwa imefungwa. Mtandao ulikuwa umepotea Kibwezi katikati ya zile dakika 20. Seva iliipokea amri yangu na kuiweka vizuri kabisa. Bodi iliendelea kuuliza kila nusu dakika bila kupata jibu, na kwa kuwa sikuifundisha la kufanya isipojibiwa, ikashika amri ya mwisho iliyokuwa nayo. FUNGUA ilifika, FUNGA haikufika. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Tangi lilikuwa tupu.

Lori lililofuata lilikuja siku ya sita. Zaidi ya nusu ya ile miche haikuliona.

Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, lile bomba langu la kwanza nilikuwa nalifunga kwa mkono. Hili lako linafungwa na nani?"

Sasa kuna watakaosema kosa ni la kampuni ya simu. Hapana, kosa ni langu. Kila mtu aliyezaliwa nchi hii anajua mtandao hupotea na stima hupotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Ukijenga kitu ambacho kinakuwa salama siku mtandao upo tu, umejenga kitu cha nchi nyingine. Na dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa msimbo: vali ikikaa wazi zaidi ya dakika 30, ifunge bila kumwuliza mtu. Mstari mmoja! Sikuuandika kwa sababu nilikuwa nachora jani.

Wala msidhani ni shida ya Kibwezi peke yake. Huko Marekani kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, cha kuongoza taa na vifaa vya nyumbani kwa simu. Kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 huduma ikazimwa. Waliokuwa wamelipa pesa zao wakabaki na kisanduku kisichofanya lolote. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika wateja wasijue kinachoendelea. Agosti 2023 Google nayo ikafunga huduma yake ya IoT Core, iliyotumiwa kuunganisha vifaa kama hivi vyetu, na waliojenga juu yake ikabidi wahame. Kama Google inaweza kufunga duka, kampuni yako changa ya watu watatu ni nani? Tena taa ikikataa kuwaka mtu atawasha mshumaa. Mche uliokauka haufufuki hata seva ikirudi.

Tuje kwenye jambo la pili, ambalo ndilo linalonikera zaidi: tunajifanya kwamba tatizo la mkulima ni amri, wakati tatizo lake ni maji.

Fanya hesabu nami. Siku ya jua kali katika sehemu kavu, mimea iliyokomaa inaweza kunywa milimita 5 za maji. Milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Thumni ya ekari ni kama mita mraba 500. Kwa hivyo shamba lililofunikwa lote na mimea mikubwa litataka lita 2,500 kwa siku moja. Tangi la lita 5,000 ni siku mbili! Mipira ya matone inapunguza maji yanayopotea, lakini hakuna programu ya simu iliyowahi kuongeza lita hata moja ndani ya tangi. Kabla ya kumuuzia mtu mtambo, muulize maji anayatoa wapi na anayalipia kiasi gani. Kama huna jibu la kumpa hapo, mwachie pesa zake anunue tangi la pili.

Kisha kuna nguvu ya maji. Kila mita moja ya urefu wa jukwaa inakupa kama sehemu moja ya kumi ya baa. Vali nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani zinataka angalau baa 0.2 ndipo zifunguke vizuri, kwa sababu zinatumia msukumo wa maji yenyewe kuinua kiwambo chao. Tangi lililo mita moja na nusu kutoka ardhini halifiki hapo maji yanapopungua ndani yake. Vali yangu ya kwanza ililia "tak!" vizuri sana, jani likacheza kwenye simu, na maji hayakutoka. Nilipoteza siku nzima nikitafuta kosa kwenye msimbo, kumbe kosa lilikuwa kwenye mawe ya jukwaa.

Na vihisi je? Vile vya bei ya chini kabisa, vyenye miguu miwili ya chuma, hupitisha umeme ndani ya udongo, na chuma huliwa polepole mpaka vinaanza kusema uongo. Nunua vile vinavyopima bila chuma chake kugusa udongo, na uzibe vizuri sehemu ya juu yenye saketi. Na ukitumia ESP32, usiviunganishe kwenye pini za kundi la ADC2, kwa sababu pini hizo hazisomeki vizuri WiFi inapotumika. Haya hayamo katika shindano lolote la wabunifu nililowahi kuhudhuria.

Nimetaja mashindano, basi niseme na hili. Mwaka huo huo nilisimama mbele ya waamuzi kuunadi mtambo wangu. Mmoja akauliza, "Mapato ya kila mwezi yatatoka wapi?" Nikajibu bila kufikiri kwamba mkulima atalipa ada kila mwezi kwa simu, na asipolipa programu itajifunga. Waamuzi wakatikisa vichwa kwa furaha. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoyasikia maneno yangu. Nilikuwa nimependekeza kwamba mtu aliyenunua vali, akanunua mipira, akanunua maji, azuiwe na mimi kuyafikisha kwenye mimea yake kwa sababu mwezi huu alilipa karo kwanza.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Seva inalipiwa. Laini ya simu inataka bando. Fundi anakula. Biashara ya kuuza mara moja ni ngumu. Yote kweli. Lakini tazameni kazi ambayo mkulima angeilipia kila mwezi bila kulazimishwa: vichujio vinaziba matope na vinataka kuoshwa, mipira inataka kufunguliwa miisho ili uchafu utoke, kihisi kinataka kukaguliwa, panya hutafuna nyaya. Hiyo ni kazi. Mtu akimwona fundi wako amekuja shambani na ndoo na spana, atamlipa. Wengi wetu hatutaki biashara hiyo kwa sababu ina vumbi. Tunataka pesa zinazoingia tukiwa tumeketi mbele ya kioo. Basi tuseme hivyo, tusiseme tunawasaidia wakulima.

Wala sisemi programu ya simu haina faida. Ina faida ya kuona: tangi limebaki na kiasi gani, jana maji yalitoka dakika ngapi. Ina faida ya kubadilisha ratiba. Lakini kuona na kubadilisha ratiba ni mambo yanayoweza kungoja mtandao urudi. Kufunga maji hakuwezi.

Baada ya aibu ile nilibomoa kila kitu nikaanza upya, na hizi ndizo kanuni nilizozifuata. Zichukueni bure.

Kwanza, bodi iliyo shambani ndiyo iamue. Ratiba ikae ndani yake, na iwe na saa yake yenyewe. Mimi natumia DS3231, yenye betri yake ndogo, ambayo hukosea kama dakika moja tu kwa mwaka. Seva ikifa leo, shamba linanyweshwa kesho kama kawaida.

Pili, pasiwe na amri ya FUNGUA peke yake. Iwe "fungua dakika 20". Amri ifike ikiwa imebeba mwisho wake. Na chagua vali inayojifunga umeme ukikatika.

Tatu, kioo kisiseme "Imefungwa" kabla bodi haijathibitisha. Kikosa habari kiseme "Sijui, mara ya mwisho nilisikia saa mbili usiku." Mtu akiambiwa ukweli atampigia jirani simu. Mimi nilidanganywa na programu niliyoiandika mwenyewe.

Nne, SMS. Ujumbe mmoja una herufi 160, na "MAJI 20" ni herufi saba ukihesabu na nafasi. Inafanya kazi kwenye simu ya vitufe, haihitaji bando.

Tano, weka mkono. Bomba la kawaida la kupindua kando ya vali, ili mambo yako yote yakishindwa mtu afungue na kufunga kama alivyofanya kabla hujamtembelea. Na siku kampuni yako ikifa, mwachie mwenye shamba nywila na msimbo. Ni mali yake.

Mtambo wa pili uko Kibwezi sasa, umepita masika na vuli. Shangazi hajawahi kuiweka programu yangu kwenye simu yake. Hutuma SMS akiwa kanisani, na akiwa nyumbani hutumia lile bomba la kando, lenye mkono wa manjano. Nilimuuliza ni sehemu gani ya mtambo aliyoipenda zaidi. Akaniashiria ule mkono.

Kwa hivyo kijana uliyeniuliza lugha ya kutumia: anza na ndoo. Pima maji yanayotoka kwenye tangi kwa dakika moja, panda jukwaani upime urefu, kaa na mwenye shamba jioni nzima. Ukimaliza hayo, niandikie tena, tutaongea habari za lugha.

Kazi kwenu.