Malaika Si Ngoma ya Harusi: Risto ya Doh Ambayo Vijana wa Meru na Embu Wanaijua Vizuri

Uko harusi Maua ama Runyenjes. MC amechangamka, keki inakatwa, DJ anaweka Malaika na tenti nzima inaimba. Wamama wa kanisa wanapanguza machozi ya furaha. Lakini ushawahi kuiskiza hiyo ngoma poa? Mazee, jamaa anayeimba hapo hakuoa. Anamlilia msupa aliyempenda, na kilichomkwamisha ni doh.

Twende nyuma kidogo. Fadhili William, kijana wa Taita, alirekodi Malaika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaipeleka duniani, Boney M wakaifanya yao, hata Angélique Kidjo akaiimba. Lakini nani aliitunga? Huo ubishi haujawahi kuisha. Fadhili alisema ni yake, na risto inayosimuliwa ni kwamba alimpenda msichana, mahari ikamshinda, msichana akaolewa na mwingine. Adam Salim, mwanamuziki aliyemzidi umri, naye alisema aliitunga yeye miaka ya 1940 akiwa Nairobi, baada ya wazazi wa msichana wake kuamua aolewe na tajiri.

Sasa cheki. Hawa wawili hawakukubaliana ngoma ni ya nani, lakini risto zao zinaishia mahali pamoja. Si kwamba msichana alikataa ama mapenzi yalipoa. Ni mfuko ulikataa. Hata Fadhili alipofariki 2001, wabongo wa muziki walikuwa bado wanabishana kuhusu jina la mtunzi, lakini hakuna aliyebisha kuhusu sababu ya machozi.

Ndio maana nikisikia Malaika ikidunda kwa matatu ya Meru ikishuka Chuka kuelekea Embu, naona ni kama habari za leo. Uliza kijana wa Igembe pesa ya ruracio inatoka wapi. Atakuonyesha miraa. Uliza wa Kiritiri, Mbeere, atakuonyesha muguka. Na bei ya hayo majani haipangwi shambani kwake. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia ikafunga soko, ikafungua tena Julai 2022. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ikaingilia na kusimamisha marufuku kwa muda. Unaweza bishana kuhusu afya ya wanaotafuna, na wazazi wa Pwani wana hoja zao. Lakini jua kwamba kila soko likifungwa, kuna kijana mahali ameambia wazee wa kina manzi, "Nipeni miezi mingine."

Na wazee nao? Kimeru, mazungumzo ya ndoa kwa desturi yanafunguliwa na ncoolo, ile bunda ya miraa ya heshima. Mzee akiipokea, mlango umefunguka. Hiyo ni ishara. Hakuna anayehesabu vijiti kuona kama vinatosha bei ya msichana. Shida inaanza pale ishara inageuzwa kuwa orodha: mbuzi kadhaa, tangi la maji, blanketi, suti ya mzee, halafu bahasha juu yake. Kijana wa nduthi akipiga hesabu, anaona afadhali wahamie tu keja moja na manzi yake, mambo ya wazazi yatajipanga mbele.

Hapa ndio nataka uskize vizuri, kwa sababu inaweza kukugharimu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kukaa pamoja muda mrefu si ndoa moja kwa moja. Kudhaniwa kuwa mmeoana ni jambo la nadra, na lazima lithibitishwe. Kumaanisha come-we-stay ya miaka kumi inaweza kukuacha mikono mitupu siku mtu ameaga ama mmeachana. Umeona zile familia zinazozozana kaburi likiwa wazi, wengine wakidai mahari ya marehemu ilipwe kwanza. Anayeumia hapo mara nyingi ni mwanamke na watoto.

Lakini kuna upande mwingine ambao wengi hawaujui. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 43, inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Si lazima umalize orodha yote ndio muitwe mume na mke. Mkifanya sherehe zenu za kimila na utoe hiyo ishara, mnatakiwa kumjulisha msajili wa ndoa ndani ya miezi mitatu. Wazee wanaweza kuendelea kudai kilichobaki, hiyo ni stori ya familia, lakini ndoa yenu iko.

Sisemi uwakosee wazee heshima. Mahari ikiwa heshima, toa na ufurahie. Nasema tu usisubiri Somalia ifungue soko ndio uende kwao. Kama mko keja moja hapo Makutano ama Embu town, kaeni chini wiki hii. Ulizaneni mko wapi. Tafuta mjomba mwenye hekima, mpangie siku, mwende na kile mko nacho, na mtu aandike kilichotolewa na nani alikuwepo.

Fadhili na Adam Salim walibaki na wimbo. Wewe bado una nafasi ya kubaki na msichana.