Mwasumini wa Bibi Usipotee



Juma lililopita tulikwenda Msambweni kuhani. Kando ya nyumba ya marehemu umesimama mwasumini uliowatolea maharusi wengi maua ya vikuba. Warithi wataka kuung'oa wajenge ukuta. Hatukuwakataza, mali ni yao. Tuliomba matawi tu.

Tufahamu kwamba asumini ya majumbani kwetu ni nadra kuzaa mbegu. Hurithishwa mkono kwa mkono. Ung'olewapo wa mwisho mtaani, umekwisha.

Chagueni tawi lisilo changa wala kukomaa mno. Likateni sentimita 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoeni majani ya chini, mchomeke vifundo viwili katika mchanga uliochanganywa na mboji. Msichote mchanga wa ufuoni Diani, kwani chumvi yake huua mizizi. Liwekeni kivulini, mnyunyize maji bila kuyatuamisha. Baada ya wiki 4 hadi 6 hushika mizizi, na masika ndiyo wakati bora. Ukishakua, upeni jua, na mupogoe kila umalizapo kuchanua, kwani maua hutoka katika machipukizi mapya.

Matawi yetu yangali kivulini. Moja ni la mjukuu wa marehemu, binti aliyezoea kumchumia bibi yake vitumba alasiri, kabla havijafunguka usiku. Likishika, inshaallah, tutampelekea mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) ametufunza tusirudishe rihani tupewayo. Basi na mwenye mwasumini asiwanyime jirani zake tawi.

Wabillahi tawfiq.