Injini Inayozimika Ikiachwa Itulie
Taksiri kubwa ya mafundi wetu wengi, nami nasema haya baada ya kuitazama kwa siku mbili pikapu kuukuu ya Land Cruiser, yenye injini ya 2F ya silinda sita, ikitetemeka na kuzimika kila dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta, ni kukimbilia bisibisi na kupandisha sailensa kabla ya kuuliza ni kitu gani kilichoishusha. Injini hiyo, iwapo ni salama, hutulia kwenye mizunguko kama 650 kwa dakika. Na kwa kuwa wakati huo mlango wa hewa wa kabureta umekaribia kufungwa, hewa ipitayo ni haba mno, hata upenyo mwembamba kwenye gasketi ya manifoldi hutosha kuufisidi mchanganyiko, ilhali barabarani, hewa iingiapo kwa wingi, upenyo ule ule hauna athari kubwa, na ndiyo sababu mwenye gari huapa ya kwamba chombo chake ni kizima. Fundi mmoja mzee, aliyeketi kando na kikombe chake cha kahawa (wala hakuna aliyemtaka shauri), aliinuka taratibu, akatwaa chupa ya maji, akayadondosha kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi huku ametega sikio. Yalipofika penye silinda ya nne yakafyonzwa ndani, na mngurumo ukabadilika papo hapo. Gasketi mpya ilikwisha fungwa kabla ya adhuhuri. Basi, ewe msomaji mwenye gari la umri huo, fundi akishika bisibisi kwanza, mwombe kwa adabu aanze na chupa ya maji.