Tuulizwe kwa Kura

Desemba 2017 barza yetu ya Kikwajuni ilifurika. Zanzibar Heroes walikuwa Machakos, wanacheza fainali ya CECAFA na Kenya. Tulipofungwa kwa penalti, mpwa wangu wa miaka tisa alinigeukia huku machozi yakimlenga: "Mjomba, Kombe la Afrika tunacheza lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Machi mwaka ule CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama kamili. Julai ikatutoa, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Na michezo, kwa asiyejua, si jambo la Muungano.

Mimi ni mwalimu wa uraia. Kila mwaka huandika ubaoni: Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja, Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano huo. Mikono hunyanyuka darasa zima. Mwaka 1964 mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo ni 22, na hata Baraza la Mitihani linalowatungia wanafunzi wangu mtihani wa Kidato cha Nne limo. Tume ya Jaji Warioba, iliyoandaa rasimu ya katiba mpya, ilikusanya maoni pande zote mbili, ikapendekeza yabaki saba na serikali ziwe tatu. Bunge Maalumu la Katiba likayakataa mwaka 2014. Kura ya maoni juu ya katiba mpya tuliyoahidiwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo.

Sisemi tujitenge. Dada zangu wawili wameolewa Dar es Salaam na Tanga; nikiulizwa kesho, nitapiga kura tubaki, kwa mambo machache tuliyokubaliana. Lakini mwaka 1964 hakuulizwa Mzanzibari wala Mtanganyika, na linaloniuma ni hilo. Wanaoogopa kwamba kuuliza ni kuvunja waitazame Scotland: mwaka 2014 watu wake waliulizwa waziwazi kama wanataka uhuru, na asilimia 55 wakachagua kubaki Uingereza.

Nasi tunaweza. Tarehe 31 Julai 2010 tuliulizwa kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66 wakakubali. Mimi nilipiga kura katika darasa lile lile ninalofundishia. Foleni ilifika mwembeni, wa chama hiki na wa chama kile wamesimama pamoja, na jioni kila mtu alirudi kwake salama.