Maua ya Kutoa Tuyapande Wenyewe

Katika mji wetu wa Tororo, na katika Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, mtu akitafuta maua ya kupeleka mazishini au ya kumpongeza aliyehitimu masomo, mara nyingi huuziwa maua ya plastiki. Shada la kaburini ni la plastiki, na koja la kumvika mhitimu ni la karatasi zinazong'aa. Mimi naona ya kuwa desturi hii haitufai, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza ni gharama. Mwenzetu akifiwa na mzazi, darasa huchanga. Fedha za watoto wa shule ni chache, na zikiisha kununua shada la dukani, hubaki kidogo sana cha kuwapa wafiwa. Nayo nyumba yenye msiba hupika siku nyingi kwa ajili ya wageni. Huhitaji sukari, unga, majani ya chai na kuni. Shada lile hubaki juu ya kaburi, hupauka kwa jua, na mwisho waya na plastiki hutapakaa shambani. Halimlishi mtu, wala halirudi udongoni.

Pili, ni ajabu. Kenya ni miongoni mwa nchi ziuzazo mawaridi mengi kabisa duniani, na mashamba yake makubwa yako Naivasha. Uganda nayo hukuza maua karibu na Ziwa Viktoria, pande za Entebbe. Maua mengi ya huko hupelekwa Uholanzi kwa ndege, na kazi huzidi sana kabla ya tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao. Basi nchi zetu huwapelekea watu wa ng'ambo maua hai, nasi wenyewe twazikana kwa plastiki!

Najua wako watakaosema ya kuwa kupeana maua ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Huko pwani, tangu zamani, watu hutunga makoja ya asumini, na wanawake hujipamba kwa kikuba cha asumini, mkadi na rehani. Huko Kilimanjaro, Mchaga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kumwomba msamaha, na ni vigumu kwa aliyepelekewa kukataa. Jani lile halina bei dukani. Nguvu yake ni maana yake.

Kwa hiyo nashauri shule yetu iwe na bustani ya maua ya kutoa. Haitachukua mahali pa maharage. Ukingo wa njia ya kwendea darasani watosha. Zinia hupandwa kwa mbegu, huchanua baada ya majuma manane hivi, na ikikatwa hudumu siku kadhaa ndani ya maji. Waridi huoteshwa kwa vijiti vinavyokatwa wakati wa kupogoa. Tuombe vijiti hivyo kwa majirani wa upande wetu huu. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, na msafiri hukaguliwa mahali pamoja. Lakini mche unaovuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea.

Tukiisha kupanda, hapana budi tujue kuchagua. Mazishini yafaa maua meupe, machache, yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Siku ya zawadi yafaa maua ya rangi za kuchangamka, kama zinia na alizeti. Mwalimu anayestaafu apewe ya manjano. Waridi jekundu aachiwe mchumba, maana watu wengi hulifahamu kuwa ni ua la mapenzi, na si vizuri kumtia mwalimu mashakani mbele ya mkewe. Kwa mgonjwa, kwanza aulizwe muuguzi, kwani wodi nyingine haziruhusu maua. Yakiruhusiwa, yawe machache yasiyo na harufu kali, nayo yafuatane na uji.

Yako pia maua mazuri yasiyofaa kutolewa. Ua la haibiskasi mara nyingi hudumu siku moja tu. Bogenvilia hupukutika upesi ikikatwa, na ile rangi tunayoisifu ni majani yake, si maua. Haya yapambe lango la shule. Oleanda isikatwe kabisa, kwa sababu mti wote una sumu, na watoto hutia kila kitu kinywani.

Tukate maua asubuhi mapema kwa kisu kikali, tuondoe majani yatakayozama majini, na kubadili maji kila siku.

Labda mtu atasema, "Ua hai hunyauka kesho, bali plastiki hudumu." Ni kweli. Lakini ua hai humwambia mfiwa ya kuwa watu wamelipanda, wamelimwagilia, wakaamka alfajiri kulikata kwa ajili yake. Plastiki humwambia ya kuwa watu wamepita dukani.

Nanyi mliosoma hapa zamani, ambao kila mara hutuuliza mtusaidie nini, hili ni jambo dogo lisilohitaji harambee. Mmoja alete pakiti ya mbegu, mwingine jembe, mwingine pipa la kukingia maji ya mvua, maana kiangazi cha Januari na Februari hukausha bustani. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na tuandae udongo kabla ya mvua za Machi, ili mwenzetu atakayefiwa tumpelekee maua ya bustani yetu, na fedha zote za mchango zimfikie mkononi.