Maneno ya Endasak kuhusu chumba cha Dubai

Kijana wa Endasak anayetaka kwenda Dubai hupewa mashauri kabla hajashika hata pasipoti. Anayapata kituoni kwenye barabara ya Babati–Singida, mnadani, na kwenye simu kutoka kwa binamu aliyetangulia. Mengi yanahusu kazi na viza. Yanayohusu mahali pa kulala husemwa mwishoni, harakaharaka, kana kwamba ni jambo dogo, na ndiyo yenye uongo mwingi. Nayachukua moja baada ya jingine, kwa sababu wapo wanaouza ng'ombe kwa kuyaamini.

"Dubai hakuna habari ya kulipa miezi sita mbele kama huku. Unalipa mwezi, unakaa."

Kwa nyumba yenye mkataba, si kweli. Kodi ya Dubai hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Idadi ya hundi mnapatana: moja, mbili, nne, pengine hata 12, na zikiwa chache mwenye nyumba hulegeza bei. Kitabu cha hundi kinataka akaunti ya benki, nayo akaunti ya hundi kwa kawaida inataka kitambulisho cha mkazi. Aliyeingia kwa viza ya matembezi hana hata kimoja.

Tuseme umepata chumba na sebule kwa dirhamu 60,000 kwa mwaka, hundi nne. Hundi ya kwanza ni 15,000. Dhamana ya mwenye nyumba, ambayo kwa desturi ni asilimia 5 kama nyumba haina samani, ni 3,000. Dalali naye huchukua asilimia 5, yaani 3,000 nyingine. DEWA, mamlaka ya umeme na maji, inashikilia 2,000 za dhamana yake. Jumla ni 23,000 na bado hujanunua godoro. Kwa hela yetu hizo zinapita shilingi milioni 15. Kisha bili ya kila mwezi inakuja na ada ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka ikigawanywa kwa miezi 12.

"Mwarabu akikuchoka anakutoa. Mgeni hana haki."

Hili linapendwa sana, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Mpangaji wa Dubai mwenye mkataba ana kinga zaidi kuliko mpangaji wa Katesh, mji wetu jirani. Kwetu Tanzania sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Mwenye nyumba akisema mwanawe anarudi kutoka Dodoma, unaanza kufunga mizigo, na kama hamkuandikiana kitu basi hata kulalamika ni shida.

Dubai wana Sheria Na. 26 ya 2007, iliyorekebishwa 2008. Anayetaka nyumba yake aiuze, aikarabati sana, aibomoe au akae mwenyewe, sharti akupe notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa serikali au barua ya rejesta, na utatoka mkataba ukiwa umekwisha. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anakurithi pamoja na mkataba wako. Mwenye nyumba akifa, mkataba haufi naye. Kupandisha kodi nako kuna vipimo: amri ya 2013 inasema kama unalipa karibu na wastani wa soko, yaani pungufu isiyozidi asilimia 10, hapandishi hata dirhamu moja. Ukiwa chini zaidi, anaruhusiwa kwa ngazi, asilimia 5 hadi 20, basi. Akikataa kufuata, kipo Kituo cha Migogoro ya Upangaji. Kufungua shauri ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isiyopungua dirhamu 500.

Haki hizi hazilindi mvivu wa kulipa. Ukiandikiwa kudaiwa, zikapita siku 30 hujalipa, unaweza kutolewa mkataba ukiwa hai. Na zote zimefungwa kwenye karatasi moja inayoitwa Ejari, yaani mkataba uliosajiliwa serikalini. Jina lako likiwa humo, wewe ni mpangaji. Lisipokuwemo, wewe ni mtu aliyekutwa ndani ya nyumba ya watu.

"Lipia kitanda tu. Kila mtu anaishi hivyo, na serikali inajua."

Kwamba wengi wanaishi hivyo ni kweli. Mtu mmoja anachukua nyumba kwa jina lake kwenye mitaa ya Deira au Al Satwa, anaigawa sebule kwa mbao na jipsamu, anapanga vitanda vya dabo deka, kisha anakusanya hela taslimu kila mwezi. Mara nyingi si Mwarabu. Ni mgeni mwenzako, na pengine mnasalimiana Kiswahili.

Serikali inajua, ila kujua si kuruhusu. Sheria hiyohiyo ya 2007 inakataza mpangaji kupangisha tena bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Manispaa inataka kila mtu awe na walau mita tano za mraba. Tangu Septemba 2022 wakaaji wote wa nyumba wanatakiwa kuandikishwa kwenye programu ya Dubai REST ya Idara ya Ardhi. Juni 2025 wakaguzi waliingia Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa, Al Barsha na Al Raffa kubomoa kuta za mbao, na sababu waliyoitoa ni hatari ya moto. Mimi nawaelewa. Nyumba ya watu wanne ikilaza 20, yenye njia moja ya kutokea na waya moja inayochaji simu zote, wa nyuma hatoki.

Ila siku ya kubomoa, anayeumia ni aliyelipia kitanda. Dhamana aliitoa mkononi, risiti hana, na Kituo cha Migogoro kitamuuliza mkataba. Aliyempangisha amezima simu.

Najua jibu litakalokuja: mlinzi asiyefikisha dirhamu 1,500 kwa mwezi atapanga wapi pengine? Swali la haki kabisa. Lakini kulijibu si kazi ya mlinzi peke yake. Sheria ya kazi ya Emirates, nchi yenye Dubai ndani yake, inamtaka mwajiri atoe makazi au posho ya makazi, ambayo inaweza kuwa ndani ya mshahara. Kanuni ya 2022 inazibana kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi ziwape malazi wale ambao mshahara wao haufiki 1,500. Wafanyakazi wa ndani nao wana sheria yao, na malazi ni juu ya mwajiri. Vijana wetu wanasaini bila kuuliza kipengele hicho, halafu wanatafuta kitanda Deira kwa hela ya kutuma nyumbani.

"Hundi ikirudi, jela moja kwa moja."

Habari ya zamani. Tangu Januari 2022 hundi iliyokosa salio, bila udanganyifu, si kosa la jinai. Ila usishangilie: mwenye hundi anaipeleka moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, na unaweza kuzuiwa kusafiri hadi ulipe.

"Mwafrika hapewi nyumba Asia."

Hili silikanushi lote. Matangazo ya vitanda Dubai hutaja utaifa wazi, Wafilipino tu, Wahindi wa Kerala tu, ingawa Emirates ina sheria dhidi ya ubaguzi tangu 2015. Na Guangzhou, Aprili 2020, Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona, wengine wakiwa wamelipa kodi, hadi mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Hata hivyo "hapewi" ni neno kubwa mno. Wafanyabiashara wetu wamepanga Dubai na Guangzhou miaka na miaka, na wanaendelea kupanga. Hasara ya uvumi huu ni kwamba unampa dalali wa vitanda soko lake: kwa kuwa hupewi, njoo kwangu.

Kwa hiyo, mzazi uliye Endasak, binamu akipiga simu kwamba amemshikia mtoto wako kitanda na hela iende leo, mwombe picha ya Ejari na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba ya kupangisha tena. Muulize pia kama mtoto wako ataandikishwa Dubai REST. Kama ni kampuni inayomwita, soma kipengele cha malazi kabla ya sahihi. Visipopatikana, usitume hela.